Pete Iliyopunguzwa Mara Tano

Mke wangu aliponiletea pete yake ya ndoa niipunguze kwa mara ya kwanza, aliileta kama mteja. Aliingia kibandani kwangu pale sokoni Koboko, akamsubiri mama mmoja aliyekuwa mbele yake amalize kuulizia hereni, halafu akaivua pete bila kuivuta. Ilimtoka kidoleni yenyewe. "Fundi," akasema, macho yake yakicheka, "hii iko nalegea. Nilikuwa nafua nguo, ikabaki ndani ya povu." Nikamwambia fundi ana kazi nyingi, arudi Ijumaa. Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mwaka wa 1977, mwanzoni mwa mvua, na nilidhani amepungua kwa sababu ya jembe.

Niseme kwanza jinsi kazi hii inavyofanywa, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka.

Nilijifunza Arua, kwa sonara mmoja wa Kihindi aliyekuwa na kiduka chembamba karibu na soko. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye ndevu na kichwa kigumu. Masonara wengi huunga pete kwa lehemu, yaani dhahabu hafifu iliyochanganywa na fedha na shaba ili iyeyuke mapema. Sonara wangu aliidharau kabisa. "Lehemu iko kiraka," alikuwa akisema, "na mimi si fundi cherehani." Yeye aliunga dhahabu kwa dhahabu yenyewe, bila kitu kingine katikati.

Unaikata pete kwa msumeno mwembamba kama uzi, unatoa kipande, unazikutanisha ncha mbili. Unazipiga tupa, kile chuma cha kukwaruzia, mpaka zikae uso kwa uso, na ukiinua pete juani mwanga usipite katikati. Unapaka boraksi kidogo, unga unaosaidia dhahabu kushikana, unailaza pete juu ya mkaa, kisha unaupuliza moto wa taa kwa mrija wa shaba, kwanza kuizunguka pete yote taratibu, halafu pale penye kiungo. Dhahabu inakuwa nyekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha ngozi yake inalegea na kung'aa ghafla. Hapo ndipo ncha zinashikana, na hapo hapo lazima uondoe moto. Ukichelewa kwa pumzi moja tu, pete nzima inajikunja na kuwa tone, na mwenyewe amesimama anakutazama. Nimeharibu pete tatu maishani mwangu kwa namna hiyo, na nyuso za wale wateja watatu nazikumbuka mpaka leo.

Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo, au watu waliofanya biashara na Kongo. Dhahabu yao ilichotwa mitoni, safi, na hawakutaka ichanganywe na ya mtu mwingine. Tena sonara ana jina baya kila mahali. Watu wanaamini kila anachokata kinaishia mfukoni mwake, na mara nyingi hawakosei. Kwa hiyo kwetu kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa: kipande kilichokatwa kinafungwa kwenye karatasi na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe, hata kikiwa kidogo kama mbegu ya simsim, yaani ufuta. Sonara alinifundisha hilo kabla hajaniruhusu kugusa moto.

Mwaka wa 1972 Wahindi wakaamriwa kuondoka nchini. Sonara wangu aliniachia mrija wake na koleo mbili. Sikumshukuru vizuri. Nilikuwa nimemkasirikia kana kwamba amejifukuza mwenyewe, nikajifanya nina shughuli nyingi siku alipokuja kuniaga. Baada ya hapo nikahamia Koboko, karibu na kwetu Ludara, nikajenga kibanda changu.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumeoana mwaka uliotangulia, 1971, kanisani Ombaci. Alikuwa Mkongo, binti wa mtu aliyeosha dhahabu mtoni maisha yake yote. Baba yake hakuwa na ng'ombe wa kumpa binti wala nguo za maana. Alimpa dhahabu iliyofungwa kwenye kitambaa, na mimi nikaifua ikawa pete. Kabla ya harusi mzee aliipima mwenyewe kwa mizani yake, ambayo ilikuwa kijiti, uzi, na vifuniko viwili vya chupa za soda. Wachimbaji wa kwao hupimia sarafu na njiti za kiberiti. Pete ilikuwa na uzito wa sarafu ya senti hamsini na njiti nne. Alimwambia binti yake aukumbuke uzito huo, halafu akampa na ile mizani. Niliona kama ananitukana. Nilinuna siku nzima, na mke wangu alinitania kwa hilo miaka mingi.

Basi ile Ijumaa aliporudi kuchukua pete, nilikuwa nimeshaikata na kuiunga, nimeichemsha kwenye maji ya shabu kuitoa weusi wa moto, na kuing'arisha. Kiungo hakikuonekana. Nilijisifu sana. Halafu, kama ilivyo desturi, nikampa karatasi yenye kipande.

Akaifungua. Kipande kilikuwa kidogo, hakikuzidi nusu ya punje ya mchele. Akakiweka juu ya kidole chake na kukitazama kwa muda mrefu, nami nikaona mzaha unamtoka usoni. "Nimepungua namna hii?" akauliza. Nikasema ni kazi za shamba. Akakirudisha kwenye karatasi. Siku mbili zilizofuata hakula, alilala ameelekea ukutani, na nilipomwita alisema amechoka tu. Alikuwa mwanamke wa kuimba asubuhi akichochea moto, na siku hizo mbili nyumba ilikuwa kimya mpaka watoto wakaanza kunong'ona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikajiapiza moyoni kwamba hataona tena kipande kama kile.

Baada ya mavuno nilimpeleka hospitali Arua. Tulikaa huko wiki nzima. Siku ya kuondoka daktari aliniita nje, kwenye kibaraza, akaniambia kuna uvimbe tumboni, umeshika pabaya, haukatiki. Alikuwa mtu mpole, alinishika bega. Nilirudi ndani nikamwambia mke wangu kwamba daktari amesema ni vidonda vya tumbo, ale chakula laini na aache pilipili. Akaitika. Nilimfungia mizigo yake mimi mwenyewe ili asinitazame usoni.

Mara ya pili pete ilipolegea, aliniambia akiwa kitandani, na mara hii hakuniita fundi. Nikaenda nayo kibandani, nikakata. Kipande kilikuwa kirefu sawasawa na kile cha kwanza. Nikakishika kwa koleo, nikakikata katikati. Nusu nikaifunga kwenye karatasi, nusu nikaitia kwenye kikopo cha dawa ya macho nilichokuwa nacho juu ya meza. Nilipompa karatasi akafungua, akaona kipande kidogo kama mbegu, uso wake ukalainika. "Si nyingi," akasema. Nikasema si nyingi hata kidogo. Jioni ile alikula uji wote, akaomba na mwingine.

Nilifurahi. Naandika hivi bila kujitetea: nilifurahi kweli, nikaona nimepata dawa ambayo daktari hakuwa nayo. Sikufikiria kwamba nimevunja desturi pekee niliyofundishwa kabla ya moto. Niliona dhahabu ni yake na mume ni wake, kwa hiyo wizi uko wapi?

Nikafanya hivyo mara ya tatu, na mara ya nne. Kila mara nilipiga tupa zile ncha kwa uangalifu kupita kazi ya mteja yeyote, na kila mara pete ikatoka motoni bila alama, kama vile haijawahi kuguswa. Mtu angeipokea mkononi asingejua imepungua mara nne. Ni kidole chake tu kilichojua, na kidole nacho nilikuwa nakidanganya.

Mwaka wa 1978 dada yangu alikuja kutoka Ludara kutusaidia kupika na kuangalia watoto. Ni mtu mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango. Siku moja alikuwa uani anapepeta mtama, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba watoto hawawezi kukaa bila mama, na mwanamume anayejua hesabu zake anaanza kutafuta mapema. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kwa sauti ndogo, na yeye alikuwa ameshasema kwa sauti kubwa, na dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa wazi.

Kipindi hicho pia kulikuwa na shida ya vitu. Sukari, chumvi, sabuni, kiberiti, vyote ulivipata kwa magendo au hukuvipata. Asubuhi moja nilitaka kuwasha taa yangu ya kazi, nikakosa kiberiti kibandani, nikarudi nyumbani kuchukua. Nikakikuta kitandani kwa mke wangu, kimefunguliwa, njiti zimepangwa juu ya shuka. Nyingine zilikuwa zimelowa jasho la mkono wake. Nikawasha ya kwanza, haikuwaka, ya pili haikuwaka. Nikamfokea. Nilimuuliza kama amekuwa mtoto, anachezea kiberiti wakati watu wanakitafuta mpaka mpakani. Akazikusanya moja moja na kuzirudisha ndani ya kiboksi. Nilimfokea mgonjwa kwa ajili ya njiti za kiberiti, na sikuomba radhi.

Wiki iliyofuata nilirudi nyumbani saa sita mchana kumletea maziwa. Nilimkuta ameketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta, na mkononi ameshika ile mizani ya baba yake. Sikuwa nimeiona kwa miaka. Nilidhani watoto walishaiharibu. Kwenye kifuniko kimoja kulikuwa na pete na vile vipande vyake vinne. Kwenye kingine kulikuwa na senti hamsini na njiti moja, na kijiti cha mizani kilikuwa kimelala sawa.

Niliganda mlangoni na maziwa yangu.

"Unafanya nini?" nikauliza, ingawa niliona.

"Napima," akasema. "Iko nakosa tatu."

"Moto unakula kidogo. Tupa pia inakula."

"Moto hakule njiti tatu, Baba Watoto. Mimi niko mtoto wa mutu wa dhahabu."

Badala ya aibu, nikapandwa na hasira. Ndivyo nilivyo. Nikamuuliza kama ananiita mwizi ndani ya nyumba yangu. Akasema haniiti kitu, anasema tu tatu. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mara ya pili. Kile kipande hakikuwa na uzito sawa na ule uliopungua kwenye pete, na yeye alijua kupima tangu hajajua kusuka nywele. Ndiyo maana njiti zilikuwa kitandani siku ile niliyomfokea. Mara ya tatu alipima tena, na ya nne pia.

Nikahesabu. Ilikuwa miezi mitano.

"Na miezi yote hii hukusema?"

Akaishusha mizani mapajani. Alikuwa anapumua kwa shida, kwa hiyo alisema kidogo kidogo. "Nilisikia dada yako kule inje. Nikasema, kumbe anaweka ya ule mwanamuke mwingine. Nililia. Halafu nikafikiri mingi. Nikasema sawa. Mutu wa kulea watoto wangu, avae kidogo ya baba yangu. Iko vizuri, watoto watamupenda."

Niliweka maziwa chini nikatoka. Nadhani alifikiri nimemkimbia. Nilikwenda sokoni kwa miguu, karibu nakimbia, nikachukua kile kikopo cha dawa ya macho, nikarudi nacho. Dada yangu aliniuliza kuna nini, nikampita. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamimina vipande vitatu kwenye kiganja chake, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu zile siku mbili alizoelekea ukutani. Nilimwambia kwamba nilikata kila kipande katikati ili aone amepungua kidogo. Maneno yalinitoka vibaya, bila mpangilio, na nilikuwa nalia kama mtu aliyepigwa.

Akavitia vile vipande kwenye kifuniko, kimoja kimoja, na upande wa pili akaongeza njiti tatu. Kijiti kikalala sawa tena. Halafu akavitoa vipande vyote saba, akavipanga mstari mmoja kwenye shuka, ncha kwa ncha, akautazama ule mstari. Akauweka mkono wake kando ya vipande hivyo. Hapo alikuwa anaona, kwa mara ya kwanza, kiasi chote alichopungua. Mkono ule nilikuwa nimeushika kila siku, na siku ile hata mimi niliuona upya.

"Na daktari?" akauliza. "Daktari alisema nini kweli?"

Nikamwambia.

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Nje dada yangu alikuwa anawaita watoto waje kula, na mmoja alikuwa anagoma. Mke wangu akasikiliza mpaka yule mtoto akakubali, ndipo akafumbua macho.

"Kumbe hukuiba," akasema.

"Sikuiba."

"Ulinidanganya tu."

"Ndiyo. Nisamehe."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Tulipokuwa wachumba nilingoja jibu lake wiki tatu. "Ile ya kuiba nilikwisha kusamehe zamani," akasema. "Hii nyingine ndiyo ngumu. Mimi nilikuwa na maneno ya kusema kwa watoto. Nilikuwa na maneno kwa mama yangu kule. Nilifikiri iko wakati." Akanishika kichwani, si kwa kunibembeleza, ni kama mtu anayetafuta pa kuegemea. "Hii, ngoja kwanza."

Nikasema nitangoja.

Siku iliyofuata alinitaka niipunguze pete mbele yake, maana ilikuwa imelegea tena na hakutaka kuiacha ianguke. Nilileta taa, mrija na mkaa, nikaketi kizingitini penye mwanga, naye akaniangalia kutoka kitandani. Nilikata, nikamwonyesha kipande kabla sijafanya jambo jingine. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Akakipokea kizima, akafunga kiganja. Nikazipiga tupa zile ncha. Nikampa pete aiinue juani aone kama mwanga unapita; akaitazama, akasema haupiti. Nilipopuliza moto pumzi yangu haikuwa sawa, nikasimama mara mbili, nikaanza upya. Niliogopa nisije nikaiyeyusha. Lakini ilishika. Nikamvisha. Akaigeuza kidoleni, akatafuta kiungo kwa ukucha, asikipate.

"Pete iko sawa," akasema. Nilitega sikio nikidhani ataendelea, lakini alikuwa anaongea habari ya pete tu.

Siku zile mbili alizobaki nazo alizitumia kwa watoto. Aliwaita mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na sikuruhusiwa kuingia. Kwa mama yake alimtuma mfanyabiashara mmoja Mkongo aliyekuwa anavuka, akamwambia maneno ya kupeleka, nayo sikuyasikia. Nguvu zilipokuwa zinamwishia niliona anazigawa, na nilijua hesabu hiyo nimeiharibu mimi. Miezi mitano angeweza kuwaita watoto bila haraka, akapumzika, akawaita tena. Badala yake alikuwa ameitumia kumzoea mwanamke ambaye hakuwepo, na kumpikia chai mume aliyemdhani mwizi, kwa kuwa aliendelea kunipikia chai mpaka aliposhindwa kusimama. Aliitia tangawizi, kama ninavyoipenda.

Siku ya tatu, asubuhi, aliomba maji. Nikamnywesha kwa kijiko. Alikunywa vijiko viwili, akakikataa cha tatu kwa kichwa, akanitazama kwa muda mrefu, akiwa na akili zake zote.

Ndugu zake walipofika kutoka Kongo kwa matanga, mkubwa wao aliniuliza alisema nini mwisho. Nikamwambia aliomba maji, na akashukuru kusikia kwamba hakufa na kiu. Sikumwambia kwamba baada ya maji, hata pumzi yake ilipokwisha, nilikaa pale na kijiko mkononi, nimemwinamia ili nisikose neno, na kwamba dada yangu alipokuja kunitoa, nilimwambia asinisumbue, bado kuna jambo nililomwomba hajanijibu.